Dagaa Wasio na Mchanga

Ulikuwa mwaka tuliokula dagaa wasio na mchanga. Watu wa huku kwetu ukiwauliza hawatakutajia tarehe, watakuambia tu, aa, ule mwaka wa dagaa laini. Walipanda kutoka ziwani kwa matenga na matenga, wamekauka nusu, wananuka kidogo. Tuliwala na ugali asubuhi, tukawala jioni, tukawatia kwenye maharage, tukawapika na majani ya maboga. Paka wa mtaa mzima walinenepa wakaacha kukamata panya. Na kila mtu akitafuna alisema jambo lilelile: mwaka huu dagaa ni safi. Maana dagaa wa Nyasa tangu nizaliwe wanaanikwa mchangani, na ukiwala unakula na ufukwe kidogo. Unawaosha, unawaosha tena, bado punje moja inakusubiri kwenye jino la mwisho. Mwaka ule punje ile haikuwepo. Tulifurahi. Hakuna aliyeuliza mchanga umekwenda wapi.

Mchanga ulikuwa ukutani kwangu.

Mimi nilizaliwa ufukweni, upande huu wa Ruvuma wa ziwa, mahali ambapo mtoto anajifunza kutembea mchangani na akianguka haumii. Nikaolewa huku juu, kwa watu wa kahawa. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, juu ya barabara itokayo machimbo ya Ruanda, ile yanayopita malori ya makaa ya mawe. Asubuhi ukungu unajaa bondeni mpaka huoni kitu chini ya kibaraza, na kwa miaka yote niliyokaa hapa kuna kitambo kidogo, kabla sijaamka vizuri, ninautazama ukungu ule naona ni ziwa. Nasikia hata makasia. Kisha lori linaguruma ndani yake, na ziwa linageuka ukungu tena, nami nakwenda kuwasha moto.

Nilipoletwa huku nikiwa bado msichana, kitu cha kwanza alichonionyesha mama mkwe wangu hakikuwa jiko. Kilikuwa shamba. Watu wa mume wangu, Wamatengo, walihama kutoka milima ya Mbinga wakaja na ngoro yao kama mtu anavyohama na chungu chake. Mvua zikielekea kwisha, wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini zikikatana, mistari ya kushuka na mistari ya kupita. Wanawake tunaingia na majembe, tunachimba katikati ya kila chumba kinachobaki kati ya mistari na kuutupa udongo juu ya zile nyasi. Mwisho wake mteremko mzima unakuwa mashimo, na kati ya shimo na shimo tuta lenye nyasi tumboni. Maharage yanapandwa juu ya tuta, mahindi yanafuata. Mvua ikija kila shimo linashika maji yake, linayanywa taratibu, hakuna tone linalokimbia.

Mama mkwe aliniuliza, "Umeona nini?"

Nikamwambia, "Wavu."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mkwe mgonjwa. Lakini ndicho nilichokiona. Wavu mkubwa umetandazwa mlimani kuvua mvua. Nilijifunza kuushona kwa jembe mpaka mikono ikatoa damu, na kabla mama mkwe hajafa alikuwa anawaambia wenzake kanisani kwamba Mnyasa wake anachimba ngoro kuliko mabinti zake. Sijawahi kusifiwa na mtu nikafurahi vile.

Chini ya ngoro, mteremko unapokwisha, ipo chemchemi. Maji yanayoingia kwenye mashimo huku juu ndiyo yanayotoka kule, baridi, hayana rangi. Majirani wote wanateka hapo. Yule anayetaka kujua shamba lile lina faida gani, na aende asubuhi akaone ndoo zilivyopanga foleni.

Sasa msije mkadhani mimi ni adui wa saruji. Nilimpenda yule mgeni wa kijivu kuliko mtu yeyote. Watoto wangu wa kwanza walilala kwenye udongo, na udongo wa ndani una funza. Nimechokoa funza kwa pini kwenye vidole vya watoto mpaka macho yakauma, nao wanalia, nami nalia. Mume wangu alipouza kahawa mwaka mmoja mzuri akaleta mifuko, fundi akapiga sakafu chumba kimoja, chumba cha watoto. Nakumbuka harufu yake ikiwa mbichi, harufu ya mvua iliyofungiwa. Tulikatazwa kukanyaga. Mimi nilisimama mlangoni nikaitazama ile rangi ikibadilika, kutoka nyeusi kwenda kijivu kwenda karibu nyeupe, kama ziwa jua linapopanda. Ilipokauka nikajilaza juu yake mchana, peke yangu, shavu chini. Ilikuwa baridi kama jiwe la kuogea la kwetu. Nikalala hapohapo nikaota mama yangu anafua.

Funza wakaisha. Hilo haliwezi kubishaniwa.

Kwa hiyo saruji kwangu ilikuwa kitu kinachotoka dukani Mbinga, kwenye mfuko, kama chumvi. Inatoka wapi kabla ya hapo sikuwahi kujisumbua. Mpaka siku moja nimekaa kando ya barabara na ndizi zangu, dereva wa lori la makaa akasimama. Uso mweusi kwa vumbi, meno tu yanaonekana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nawa kwanza, ndizi zangu ni za njano, sitaki uzibadilishe."

Akacheka, akanawa kwa maji ya dumu lake. Nikamuuliza makaa haya yanakwenda wapi kila siku, mlima hautaisha?

"Kiwandani, bibi. Yanapikia saruji."

"Saruji inapikwa?"

"Inapikwa sana. Ni mawe yale. Yanasagwa, yanaingizwa kwenye tanuri, limelala, refu kuliko kanisa lenu. Moto wake huwezi kuutazama kwa macho hivihivi."

"Na moshi?"

"Unakwenda juu."

"Juu kwa nani?"

Akamenya ndizi taratibu. "Bibi, mimi naendesha tu."

"Sijasema umeuwasha wewe. Nimeuliza juu kwa nani."

"Juu kwa wote, basi." Akala, akafikiri. "Tena wanasema jiwe lenyewe likiungua linatoa pumzi yake, mbali na moshi wa makaa. Hata ukipikia kuni, hata ukipikia kitu gani, jiwe litapumua tu. Na ile pumzi inakaa huko juu, ndiyo inayoongeza hili joto."

Aliondoka, mimi nikabaki na lile jiwe linalopumua. Siku nyingi nilikuwa nalo. Nikipika maharage nalisikia. Nilijua kupika ni nini, najua hakuna chakula kisicho na moshi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nyumba nayo inapikwa, kwamba makaa ya hapa Ruanda yanaondoka meusi mbele ya ndizi zangu na kurudi ya kijivu kwenye mfuko. Na majani ya migomba yangu ya kando ya barabara, ukiyapangusa, kidole kinakuwa cheusi. Niliyapangusa, nikaendelea kuuza.

Kisha mwanangu wa kwanza akaja kunijengea nyumba.

Yeye ni fundi, si fundi wa kubahatisha, ana watu chini yake mjini Songea na anajenga maghorofa. Alipokuwa mdogo alitembea kwa visigino kwa ajili ya funza, na wenzake shuleni walimwita bata. Alinishika mkono akanizungusha kwenye kiwanja akinionyesha kwa kidole: hapa sebule, hapa chumba chako, mama, hapa choo cha ndani. Choo cha ndani. Nilitembea wiki nzima nimenyoosha shingo. Kanisani nilikaa benchi la mbele ili wasipate shida ya kunitafuta.

Mchanga wa mto wetu hakuutaka, alisema una udongo, lipu itapasuka. Akaleta mchanga kwa tipa. Lilipomwaga shehena ya kwanza nilikwenda nikaingiza mkono. Mchanga ulikuwa mweupe, mkavu juu na wenye ubaridi ndani, una vigamba vidogo vya konokono. Nikaupeleka puani. Nilijua ni wa kwetu. Watu hawaamini kwamba mchanga una harufu, lakini wao hawakulelewa juu yake. Jua lilikuwa linashuka, mafundi wameshaondoka, nikavua kandambili nikasimama kwenye rundo lile miguu imezama, milima imenizunguka pande zote, na chini ya nyayo zangu kuna ziwa. Nikasema, kumbe hata mchanga huwatembelea ndugu zake. Nilifurahi kama mjinga.

Nyumba ikapanda. Mchana mafundi wanaimba, vumbi la kijivu linatulia kwenye kahawa, kwenye kuku, kwenye kope zangu. Ukilala unaota weupe. Mikono ya vijana ikapasukapasuka, nikawapa mafuta ya kupaka, wakasema, bibi, saruji inakula. Mwezi huohuo ndipo wale dagaa laini walipoanza kupanda. Niliwapikia mafundi dagaa kila siku, wakala, wakasifu, hakuna mchanga.

Mvua zikiwa karibu nikapata habari kwamba mdogo wangu wa ziwani anaumwa mgongo. Nikashuka kumwona. Nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, mgongo umefungwa kanga, mdomo mzima.

"Karibu, Mmatengo," akasema. "Umekuja kuona nilivyokufa?"

"Ungekufa ningeletewa habari nzuri. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, dada. Keti. Usiende ufukweni."

Huwezi kumwambia mtu aliyezaliwa pale asiende ufukweni. Nilikwenda. Niliufikia ule mnyanyuko wa mwisho ambapo tangu utoto unaona kwanza mchanga mweupe, mrefu, umejaa dagaa wanaong'aa mpaka macho yanafumba, wanawake wameinama wanageuza kwa mafagio, kisha ndipo maji. Niliona mashimo. Makubwa, tipa linaweza kulala ndani. Maji ya ziwa yameingia yakasimama yakawa ya kijani, mbu juu yake. Mizizi ya miti ya ukingoni inaning'inia hewani. Palipokuwa pa kuanikia ni tope na mawe, na dagaa wa asubuhi ile walikuwa wametandazwa juu ya mapaa, juu ya vyandarua vikuukuu, juu ya mashua iliyopinduliwa, wengine wamelundikwa tu kwenye matenga wanangoja gari, wabichi.

Nilisimama pale muda mrefu. Upepo ulikuwa mzuri, mawimbi yanasema yaleyale ya siku zote. Nilifumba macho, na macho yakiwa yamefumbwa kila kitu kilikuwepo.

Niliporudi mdogo wangu hakuinua kichwa.

"Umeona?"

"Nimeona. Wanaupeleka wapi?"

"Milimani kwenu. Mnajenga." Akavuta kanga mgongoni. "Mgongo huu nimeupata kwa kupandisha dagaa mapaani, dada. Mimi na umri huu napanda ngazi kama mwizi. Tukiwaacha chini wanaoza, tukiwaanika juu hatuna nafasi, basi tunawauza hivyohivyo wamekauka nusu. Huko kwenu mnawala?"

"Tunawala."

"Mnawaonaje?"

Nikashindwa kusema uongo. "Wasafi."

Alicheka mpaka mgongo ukamzuia, akashika ubavu huku machozi yanamtoka. "Wasafi," alisema. "Mungu wangu, wasafi."

Jioni nilimwambia nyumba yangu imepigwa lipu kwa mchanga gani. Kisha akauliza kama choo kiko ndani kweli, nikasema ndiyo, akasema, basi nikija nitajisaidia nikiwa nyumbani. Ndivyo alivyo. Lakini nilipokuwa naondoka alinishika mkono akasema polepole, tena kwa lugha yetu ya ndani, kwamba umebaki ukanda mmoja tu, ule wa mbele ya mwamba tuliokuwa tunaogea, na malori yameanza kuuangalia.

Mvua ya kwanza ilinikuta njiani. Nzito, ya kishindo, ile inayokuja kama inadai. Niliteremka garini nikapanda mteremko wetu, nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Sauti ya mto.

Mwanangu alikuwa ameanza kumwaga zege uwanjani. Alitaka kunishangaza. Binti yake anapata kipaimara, sherehe ingefanyika kwangu, wakwe wanatoka mjini na viatu vyao, naye hakutaka hata mmoja akanyage tope. Nusu ya uwanja, upande wa mbele, ilikuwa imeshakauka, laini kama sahani. Na mafundi wake, kwa kuwa ni mafundi wazuri, waliutengenezea mwinamo ili maji yasirudi nyumbani. Wakauinamisha kwenye shamba. Fundi wa mjini anajua maji yaondoke. Hawakulima ngoro hata siku moja, isipokuwa yeye, na yeye aliondoka hapa akiwa kijana wa kukata nyasi tu.

Uwanja wangu wa udongo ulikuwa unakunywa. Polepole, unabaki na tope, na tope ndilo kila mtu alilolilalamikia. Lakini tope ni maji yaliyokubali kukaa. Sasa maji ya bati jipya na maji ya ile sahani yalikutana, yakashuka yote pamoja mahali pamoja. Shimo la juu lilijaa likapasuka, likammwagia mwenzake wa chini, naye akapasuka, mpaka bondeni. Mahindi niliyoyapanda yalikwenda nayo. Mvua ilipotulia niliona mfereji mwekundu umepita katikati ya ngoro, na nyasi za ndani ya matuta zimechomoza nje kama matumbo ya samaki.

Wavu wangu ulikuwa umechanika.

Nilishuka kwenye chemchemi. Ilikuwa imefunikwa udongo, na juu ya udongo ukoko mweupe wa saruji, maji waliyooshea makarai na machepe huko juu yamefika mpaka hapa. Vyura walikuwa wamekaa kwenye jiwe, nje, wamegeuza migongo. Wanawake wamesimama na ndoo tupu. Jirani yangu, tuliyeozwa naye mwaka mmoja, akanisalimia vizuri, akaniambia:

"Nyumba yako ni nzuri, mwenzangu. Imetunyima chai."

Nilipanda juu. Tipa lilikuwa limeshamwaga mchanga wa nusu iliyobaki, rundo jipya, linameremeta na matone ya mvua. Mafundi wanapanga makarai. Mwanangu alikuja ananikimbilia, akanipokea mzigo.

"Mama, shikamoo. Nimeona kilichotokea, usiumie. Nitarekebisha. Nitapitisha mtaro wa zege katikati ya shamba mpaka chini, maji yapite humo yasiguse kitu. Na chemchemi nitaijengea, niiwekee bomba. Tukimaliza uwanja utaona."

"Mtaro katikati ya ngoro."

"Mwembamba tu."

"Maji yakipita humo bila kugusa kitu, chemchemi itapata wapi maji ya kutoa kwenye hilo bomba?"

Yeye si mjinga, nimemzaa mimi. Akaangalia mteremko, akaangalia saa.

"Mama, sherehe ni Jumamosi ijayo. Mimi nilitambaa kwenye tope la uwanja huu. Nilichekwa kwa miguu yangu. Sitaki binti yangu asimame na nguo nyeupe mahali palepale nilipochekwa. Nimekosea nini?"

Hakukosea. Nilitaka kumshika kichwa kama alipokuwa mdogo nikimtoa funza. Nikamuuliza, "Mchanga huu mmechota wapi?"

"Ziwani."

"Wapi ziwani?"

"Kijijini kwenu. Mbele ya ule mwamba. Ule wa pembeni umekwisha, una mawe."

Basi nikajua kwamba ukanda wa mwisho umelala uwanjani kwangu. Mahali nilipofundishwa kuogelea, nimeletewa kama zawadi. Kwa kitambo sikusikia mtu. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, ukaingia uwanjani taratibu, ukazunguka lile rundo jeupe likabaki peke yake kama kisiwa, na mimi nikawa kama niko ndani ya mtumbwi natazama nyumbani kwetu kutoka mbali. Kijana mmoja alichoma chepe kwenye mchanga. Ile sauti iliniamsha.

Nikasema, "Hapana. Ardhi hii inakunywa, na mimi sitaiziba mdomo."

"Mama."

"Waambie wakanawe. Nakwenda kuwapikia."

Mafundi walitazamana, wakaacha machepe. Mwanangu alisimama, shingo imekaza kama ya marehemu baba yake. Halafu akaingia ndani ya nyumba nzuri aliyonijengea akafunga mlango, polepole sana, na ule upole ndio ulioniuma.

Siku zilizofuata tulikaa kama wageni wawili waliofikia nyumba moja. Lakini ngoro haiwezi kusubiri watu wapatane, mvua inayofuata haiulizi. Alfajiri nilichukua jembe nikaenda kuziba mfereji. Mwanamke peke yake anaweza kuchimba, lakini lazima mwanamume akate nyasi, ndivyo tulivyogawana kazi ile tangu zamani, na tuta lisilo na nyasi ndani yake ni rundo la udongo tu. Nilichimba huku najua nafanya kazi nusu. Jua lilipotoka nikasikia panga nyuma yangu. Sikugeuka. Alifyeka nyasi za ukingoni, akazileta kwa mafungu, akazilaza zikikatana, mstari wa kushuka, mstari wa kupita, sawasawa kama alivyofundishwa na baba yake. Hakusahau. Mimi nafunika, yeye analaza. Hatukusemezana mpaka tulipofika chemchemi, hapo akasema, "Sogea, mama, nitoe udongo," nami nikasogea. Alichota udongo kwa mikono, mikono ya fundi iliyopasuka, mpaka maji yakatoka kidogo, machafu, kisha kidogo, si machafu sana. Alikaa kwenye jiwe la vyura akayatazama. Nadhani nilimwona akitabasamu, lakini macho yangu siku hizi yana ukungu wao.

Rundo la mchanga likabaki uwanjani. Kulirudisha ziwani dereva wa tipa alikataa, alisema atachekwa, nani amewahi kuona tipa linashusha mchanga ufukweni? Likakaa pale. Kuku wakalioga. Kisha mdogo wangu akanitumia tenga la dagaa, wabichi kabisa, na salamu kwamba hana tena paa la kuanikia. Wangeoza. Jua lilikuwa zuri kati ya mvua na mvua. Nikachukua fagio nikautandaza ule mchanga kwenye nusu ya uwanja iliyobaki udongo, mwembamba, sawa, kama mama yangu alivyokuwa anatandaza. Nikamwaga dagaa.

Waling'aa. Mlimani, mbele ya migomba, juu ya bonde la ukungu, uliwaka ufukwe. Wanawake waliotoka kuteka maji walisimama na ndoo zao kichwani. "Huyu sasa amerukwa," alisema mmoja, "anavua uwanjani." Nilivua kandambili nikawa nawageuza kwa fagio, nimeinama, mchanga unaingia kati ya vidole, na mgongoni nasikia ziwa. Wajukuu waliokuja kwa ajili ya sherehe walikimbia humo wakaanguka, hawakuumia. Mdogo kabisa alikuwa anajifunza kutembea.

Siku moja kabla ya sherehe mwanangu alimtuma baba yake mdogo. Shemeji yangu huyu ni mzee mnene wa utani mwingi, na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Alikuja mchana, akakaa kibarazani, akavua kofia.

"Shemeji, nimetumwa."

"Aliyekutuma hana miguu?"

"Anayo, ila anaiogopa midomo yako. Nipe chakula kwanza. Ujumbe wenye njaa hausikiki vizuri."

Nikampa ugali na dagaa wangu wa uwanjani, nimewakaanga na nyanya. Alikula kwa sauti, kama kawaida yake. Katikati ya tonge akasita. Taya likasogea upande, likarudi. Akatoa kitu kwenye ulimi kwa kidole, akakiangalia kwenye mwanga.

"Shemeji, dagaa hawa wana mchanga."

"Wanao."

"Mwaka mzima hatujala mchanga."

"Najua."

Akautazama uwanja, ile sahani ya kijivu upande huu na ule weupe upande ule, akautazama mteremko na matuta mapya, akaendelea kutafuna kwa uangalifu. Kisha akafuta mikono, akakohoa, akakaa kama mkubwa wa ukoo.

"Anasema hivi. Zege hatamwaga katikati ya shamba, amekubali. Chemchemi ataiacha ilivyo. Mwinamo ataugeuza, maji yaende barabarani. Anaomba nusu hii tu ya uwanja, kwa ajili ya kesho, kwa ajili ya mtoto. Mafundi wako njiani. Mimi ni mtu mzima, shemeji, na naona amejishusha. Nimjibu nini?"

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amesimama chini kwenye ngoro, anajifanya anakagua matuta, mgongo umetugeukia, lakini masikio yake nayajua. Binti yake alikuwa pale kwenye mchanga, anajaribu viatu vyake vyeupe vya kesho, akavivua akaviweka juu ya kibaraza, akarudi peku. Nilimpenda mwanangu wakati ule kuliko siku yoyote, na nyumba yake niliipenda, na choo cha ndani. Nikanyanyua sauti ili isilazimike kubebwa na mtu mwingine.

"Hapana. Ardhi hii inakunywa, na mimi sitaiziba mdomo."